Usione Vyaelea: Picha ya Ubongo Iliyoniponza

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii nimeiandika kwenye insha tangu shule ya msingi, mara nyingi kwa tamaa ya alama tu, wala sikujua kwamba siku moja ingenichapa mimi mwenyewe. Kisa nitakachokusimulia kinanitia haya, lakini mficha uchi hazai. Basi keti kitako unisikilize.

Mama yangu huuza samaki sokoni. Huamka saa kumi za alfajiri akaenda ufuoni kungojea mashua, kisha akarudi na ndoo ya ngege, na siku za neema mbuta mmoja au wawili. Karo yangu imetoka kwenye ndoo hiyo tangu kidato cha kwanza. Nina mdogo wangu wa kiume aliye Gredi ya Sita. Kijana huyu ni mchangamfu, ataunda gari la mabati na ndara kuukuu hadi ulitamani, lakini Hisabati imempiga chenga. Karatasi yake ya mtihani wa kila Ijumaa ikija, mama huikunja na kuifunga kwenye pindo la leso bila kusema neno.

Siku moja ya soko, muhula wa pili, alikuja mchuuzi mmoja amevalia suti na tai, kipaza sauti mkononi. Alikuwa akiuza chupa za dawa ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa ya kuuamsha ubongo wa mtoto. Aligawa karatasi laini zenye kung'aa. Kwenye karatasi hizo palikuwa na picha mbili za ubongo. Wa kwanza ulikuwa kijivu mtupu kama jivu la jikoni. Wa pili ulikuwa na madoa mekundu na manjano yaliyowaka kama makaa. Chini ya mmoja waliandika "kabla" na chini ya mwingine "baada". Chupa moja ilikuwa shilingi 3,000.

Mama hakununua papo hapo. Si mtu wa kurukia mambo. Alikuja na ile karatasi nyumbani, akanikabidhi nikiwa nafanya kazi ya ziada karibu na koroboi.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii," akaniambia. "Hebu nisomee. Hii ni kweli ama ni wizi?"

Nilisoma. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, waliandika kwamba watu 12 walipigwa picha kwa mashine ya MRI, na kwamba lile doa jekundu lilikuwa na p < 0.001. Basi nikavimba kichwa! Nilikuwa nimekutana na ile p kwenye kitabu kimoja cha maktaba. Nilijua kwamba maana yake ni hii: kama dawa haifanyi kitu chochote, bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kiasi kile mara chache kuliko moja kwa elfu.

"Mama," nikasema kwa sauti ya daktari, "hii ni sayansi. Bahati ingeleta doa kama hili mara moja tu kwa elfu. Haiwezi kuwa uongo."

Wiki hiyo ilikuwa zamu yake ya kupokea pesa za chama cha akina mama. Alizitoa elfu tatu, akanunua. Mdogo wangu alipopewa kijiko cha kwanza alikunja uso, akatazama ile picha, akauliza, "Kwani kichwa changu ni taa?" Sote tulicheka. Kumbe hakuwa anacheka yeye.

Ijumaa iliyofuata alipata 38 kwa mia. Iliyotangulia alikuwa amepata 31. Mama alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia. Akasema mchuuzi akirudi baada ya majuma mawili atanunua chupa mbili.

Nami nikaona hapa pana makala ya gazeti letu la Chama cha Kiswahili. Nikaipeleka ile karatasi kwa mwalimu wetu wa Hisabati ili anisaidie na zile tarakimu. Aliisoma polepole. Hakucheka. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Walitazama mahali pangapi ndani ya huo ubongo kabla ya kupata hapa pekundu? Na nani mwingine amerudia akapata vivyo hivyo?"

Nilibaki kimya kama maji ya mtungi.

Kesho yake mwalimu aliingia darasani na mfuko wa sarafu. Tulikuwa wanafunzi 48. Akatuamuru sote tusimame, kila mtu arushe sarafu yake. Anayepata upande wa mnyama abaki wima, anayepata upande wa ngao aketi. Mrusho wa kwanza, nusu ya darasa chini. Wa pili, wa tatu, wa nne. Baada ya mrusho wa tano walibaki watu wawili tu: msichana mmoja wa dirishani na jirani yangu wa dawati. Darasa lilipiga kelele, "Mabingwa! Mabingwa!"

Mwalimu akaandika ubaoni. Kupata mnyama mara tano mfululizo ni nafasi moja kati ya 32, yaani 0.03 hivi. "Watafiti wengi," akasema, "wameweka kizingiti chao kwenye 0.05, yaani moja kwa ishirini. Si Mungu aliyekichonga juu ya jiwe. Ni Ronald Fisher wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliyeona kuwa hapo panafaa. Basi kwa kizingiti hicho, hawa wawili wana kipawa cha sarafu. Tuwaandike gazetini?"

"Ndiyo!" tukaitikia.

"Haya, warudie."

Jirani yangu alirusha, mara ya kwanza tu, ngao. Yule msichana akapata mnyama, mnyama, kisha ngao. Kipawa kikaishia hapo. Darasa zima likapoa.

"Wanafunzi 48 gawa kwa 32," mwalimu akasema, "ni mmoja na nusu. Hata kabla hamjarusha nilijua kwamba huenda nikapata bingwa mmoja au wawili. Bingwa huyo hakutoka kwenye mkono wake. Ametoka kwenye wingi wenu."

Ndipo akanigeukia. Mpenzi msomaji, laiti ardhi ingepasuka!

Alituelezea jinsi picha ile inavyoundwa. Mashine ya MRI ni sumaku kubwa. Aina moja ya upigaji picha, ile iitwayo fMRI, haioni mawazo. Inaona mabadiliko ya damu. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi hupelekewa damu yenye oksijeni nyingi, na damu hiyo huibadilisha kidogo ishara ya sumaku. Seiji Ogawa na wenzake walieleza jambo hilo mwaka 1990, na kufikia mwaka 1992 wanasayansi walikuwa wakilitumia kuchunguza ubongo wa binadamu. Kompyuta huukata ubongo katika maelfu ya vijisanduku vidogo, kila kimoja chenye upana wa milimita chache. Kisha huuliza kila kijisanduku swali moja: je, ishara yako ilibadilika wakati wa kazi? Kijisanduku kinachovuka kizingiti hupakwa rangi. Kwa hivyo ule wekundu haumo kichwani mwa mtu. Umepakwa na kompyuta, kwa amri ya aliyechagua kizingiti.

"Sasa," akasema, "kila kijisanduku ni mwanafunzi mwenye sarafu. Kizingiti cha 0.001 ni kama kupata mnyama mara kumi mfululizo, nafasi moja kati ya 1,024. Unaona ni vigumu? Lakini wakirusha watu elfu nane, wangapi watavuka?"

Kama wanane, tukajibu.

Hapo ndipo alipotupa kisa cha samaki. Mwaka 2009, huko Marekani, Craig Bennett pamoja na Abigail Baird, Michael Miller na George Wolford walionyesha kwenye mkutano wa wataalamu wa ubongo matokeo ya kumchunguza samaki mmoja aitwaye samoni. Samaki huyo aliwekwa ndani ya mashine ya MRI, akaonyeshwa picha za watu, akaulizwa watu hao wana hisia gani: wana furaha, wana hasira, au vipi? Yote yalifanywa kama afanyiwavyo binadamu. Tatizo lilikuwa moja tu. Samaki alikuwa amekufa.

Darasa liliangua kicheko. Lakini ngoja kwanza. Kwa kizingiti cha 0.001, bila marekebisho yoyote, kati ya vijisanduku 8,064 walivyochunguza, 16 vilivuka. Kwenye picha, ubongo wa maiti ya samaki una doa jekundu! Bahati ya sarafu ingetoa karibu 8, lakini kelele za mashine si safi kama sarafu; vijisanduku jirani huvutana, kimoja kikivuka na mwenzake yu karibu kumfuata. Walipofanya marekebisho ya kuhesabu kwamba maswali yaliyoulizwa ni maelfu wala si moja, doa lote lilitoweka. Hakikubaki hata kijisanduku kimoja. Mwaka 2012 walipewa Tuzo ya Ig Nobel, ile ya kazi zinazomchekesha mtu kwanza kisha zikamfikirisha.

Mwalimu alilifananisha jambo hili na nyumba zetu za huku ziwani. Maji yakiwa machache, kizingiti kifupi kinatosha. Mafuriko yakija, huna budi kukiinua. Njia iliyo nyepesi kuieleza ni kuchukua 0.05 ukaigawa kwa idadi ya maswali. Ukigawa kwa 8,064 unapata karibu 0.000006. Kwa sarafu ni kama kudai mnyama mara 18 mfululizo. Zipo njia nyingine zilizo laini zaidi, kwa sababu ukiinua kizingiti kupita kiasi, maji hayaingii lakini na nyanya yako hataingia. Utakosa na ukweli uliokuwa unabisha hodi. Lakini kuacha mlango wazi wakati wa mafuriko, kisha ukashangaa kukuta kambare kitandani, huo si utafiti.

Nilitoka darasani nikiwa mdogo kama punje ya haradali. Nilichomwambia mama kilikuwa sawa kwa kijisanduku kimoja. Kwa ubongo mzima hakikuwa sawa hata kidogo, na ile karatasi haikutaja marekebisho yoyote wala mtu yeyote aliyerudia.

Kwa majuma hayo niliendelea kusoma kwa msaada wa mwalimu, na nikagundua kwamba wataalamu wenyewe wamejikosoa hadharani. Mwaka 2016, Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walichukua picha za watu 499 wenye afya waliokuwa wamepumzika tu, wakalinganisha makundi yasiyo na tofauti yoyote, karibu mara milioni tatu. Doa la uongo lilitakiwa litokee mara 5 kwa mia. Kwa baadhi ya njia zilizokuwa zikitumiwa sana kwenye programu za kompyuta, lilitokea hadi mara 70 kwa mia. Mwaka 2020 zilitolewa habari za timu 70 zilizopewa picha zilezile za watu 108 zijibu maswali 9 yaleyale. Hakuna timu mbili zilizofuata njia moja hatua kwa hatua, na kwa baadhi ya maswali majibu yaligongana. Mwaka 2022, Scott Marek na wenzake walitumia picha za watu wapatao 50,000, wakaonyesha kwamba ukitaka kuhusisha tofauti za ubongo baina ya watu na tofauti za akili au tabia zao, kadhaa ya watu haitoshi, yahitajika maelfu. Nikaikumbuka ile karatasi yetu na watu wake 12.

Tafadhali usinielewe vibaya, msomaji. Sisemi picha za ubongo ni kiini macho. Mtu akisogeza vidole vyake ndani ya mashine, sehemu inayoongoza mkono huonekana, na ukirudia kesho huonekana tena, na ukimpiga picha mtu mwingine nchi nyingine huonekana pale pale. Madaktari wa upasuaji huzitumia picha hizo kujua sehemu za kuepuka wanapotoa uvimbe. Tofauti ni hiyo: limerudiwa likasimama. Hata yule Fisher wa kizingiti, mwaka 1926, aliandika kwamba jambo la kisayansi lihesabiwe kuwa limethibitika pale tu ambapo jaribio lililopangwa vizuri halikosi kulipata ila mara chache. Watu walikikumbatia kizingiti chake, hilo la kurudia wakalisahau mlangoni.

Sasa nilikuwa na kazi moja iliyobaki, ngumu kuliko mtihani wowote. Mchuuzi alikuwa arudi Jumamosi. Ijumaa jioni nilimfuata mama sokoni, nikamkuta anapara samaki.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha."

Kisu kikasimama. "Umefukuzwa shule?"

"La, Mama. Ni ile karatasi. Niliisoma vibaya. Nilikuambia haiwezi kuwa uongo, na sikuwa najua."

Nikamweleza yote: sarafu, vijisanduku, samaki aliyekufa. Nilipofika kwa samaki mama aliweka kisu chini, akacheka hadi machozi, na wenzake wa meza za jirani wakaja kusikiliza.

"Mwanangu," akasema, "miaka kumi na miwili nawatazama samaki waliokufa machoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunihurumia siku ya kukosa wateja. Ungeniuliza mimi."

Kisha kicheko kikaisha. "Na zile elfu tatu?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama miguu yangu.

"Lakini alipata 38," akasema polepole, kama mtu anayejitetea.

"Na Ijumaa iliyofuata, Mama?"

Alifungua pindo la leso, akazitoa zile karatasi zilizokunjwa. Ilikuwa 29. Na ya siku hiyo ilikuwa 33. Akazitazama kwa muda mrefu. "Hii ya 29 nilikuwa nimeisahau kabisa," akasema. "Niliishika ile ya 38 tu."

Maneno hayo yalinigusa kuliko kitabu chochote. Ndivyo wanavyofanya hata wasomi wakubwa: matokeo yanayopendeza huchapishwa majaridani, yasiyopendeza hulala kwenye droo, na anayesoma majarida huona 38 peke yake.

Jumamosi mchuuzi alirudi na kipaza sauti chake. Mama alipita mbele na aproni yake ya magamba, akamuuliza mbele ya watu, "Mlitazama mahali pangapi? Na nani mwingine amerudia?" Mchuuzi aliongeza sauti tu. Akina mama kadhaa walirudi nyuma, wengine walinunua. Pesa zetu hazikurudi. Mama bado anailipa chama pole pole, na mimi nimeacha kula mandazi ya saa nne ili nisaidie. Hilo ni langu, sitamlaumu mtu.

Jioni ile nilimtafuta mdogo wangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akirekebisha gurudumu la gari lake. Nikamwambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kuupiga picha ubongo wake, na kwamba ile picha ya kijivu haikuwa yake.

"Kwa hivyo mimi si yule wa jivu?" akauliza.

"Si wewe."

Hakuinua uso, lakini aliniachia nimshikie gurudumu.

Wanachama wenzangu, siku hizi kila mtu anakuja na picha yenye rangi na neno "utafiti umethibitisha". Msiikatae kwa ukaidi, wala msiikubali kwa uvivu kama nilivyofanya mimi. Ulizeni yale maswali mawili ya mwalimu. Na yule aliyeaminiwa na nyumba yake kuwa ndiye msomi, akikosea, arudi aseme. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi.

Siku hizi kila jioni nakaa na mdogo wangu tukifanya sehemu za hesabu kwa kugawa ngege vipande vipande, nusu, robo, thumni. Ijumaa iliyopita alipata 41. Mama alitaka kupiga vigelegele, nikamwomba angoje. Sitasema lolote kuhusu hiyo 41. Tunangoja Ijumaa nyingine, na nyingine, na nyingine.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha 3 Mashariki